Tusiisingizie mashine: kipimo cha sukari huharibikia njiani

Wakenya tuna imani kubwa na karatasi itokayo maabara. Daktari anaweza kutuambia maneno mengi tukayatilia shaka, tukaenda hata kwa daktari wa pili na wa tatu. Lakini akishatuonyesha karatasi yenye tarakimu na muhuri, midomo yetu hufungika. "Mashine imesema," huambiana, na hapo kesi huwa imekwisha. Mimi nami nilikuwa mmoja wa waumini hao hadi yaliponifika ya kunifika. Leo nataka kuzungumza na walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, juu ya safari ambayo damu husafiri kabla ya kuifikia hiyo mashine. Nimejifunza, tena kwa gharama kubwa, kwamba aghalabu kosa huwa limekwisha kutendeka wakati mashine inapowashwa.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Miaka michache iliyopita nilianza kuhisi uchovu usioeleweka na kiu isiyokatika. Kwa kuwa katika ukoo wetu ugonjwa wa kisukari si mgeni, niliamua kwenda kupimwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu jioni iliyotangulia isipokuwa maji, kama nilivyokuwa nimeagizwa. Ilipotimu saa mbili asubuhi, muuguzi mmoja mpole alinitoa damu mkononi, akaitia katika kichupa chenye kifuniko chekundu, kisha akakilaza kichupa hicho ndani ya bakuli la chuma juu ya meza iliyokuwa kando ya dirisha. Ndani ya bakuli hilo mlikuwa na vichupa vingine sita au saba.

Niliketi kwenye benchi nikasubiri. Jua lilipanda, likaingia dirishani, likaliangaza lile bakuli. Wagonjwa waliendelea kuja na vichupa vikaendelea kuongezeka. Ilikuwa yapata saa sita tarishi alipokuja kuvichukua na kuvipeleka maabara, jengo ambalo halikuwa hata hatua 200 kutoka pale. Saa nane nikaitwa nikapewa matokeo: 6.0. "Mwalimu, huna sukari," tabibu aliniambia akitabasamu. "Punguza kazi, upate muda wa kupumzika." Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama unyoya. Jioni ile nilikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari kusherehekea.

Baada ya miezi minane, herufi nilizoziandika ubaoni mwenyewe zilianza kunipotea. Nikawa natoka darasani mara mbili katika kipindi kimoja kwenda msalani, hata wanafunzi wakaanza kunong'onezana. Nilikwenda katika hospitali nyingine, na safari hii nilitolewa damu ndani ya maabara yenyewe. Kipimo kikawa 14.2, nami nikiwa sijala. Daktari wa macho naye alikuta mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho imekwisha kuanza kudhurika.

Siwezi kuapa kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa cha uongo. Damu ile ilikwisha kumwagwa na haiwezi kurudi kutoa ushahidi. Yamkini pia ugonjwa ulikuwa umeniandama kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile. Lakini najua jambo moja kwa yakini: damu iliyokaa katika kichupa cha namna ile, kwa muda ule, na katika joto lile, haiwezi kusema ukweli kuhusu sukari ya mtu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sababu yake ni somo ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha mwaka baada ya mwaka.

Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba chembe nyekundu za damu hazina kiini wala mitokondria. Kwa sababu hiyo haziwezi kuitumia hewa ya oksijeni zinayoibeba ili kujipatia nishati. Riziki yake ni sukari ya glukosi tu, ambayo huivunjavunja pasipo oksijeni. Mwanafunzi huyaandika hayo katika mtihani akapewa alama zake, na mwalimu akafurahi. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mwanafunzi: je, damu hiyo ikitolewa mwilini na kutiwa ndani ya kichupa, chembe hizo huacha kula?

Haziachi. Chembe hazijui kwamba zimehamishwa. Huendelea kula sukari iliyomo katika kichupa kama zilivyokuwa zikila mwilini, ila tofauti ni kwamba sasa hakuna ini la kuongeza nyingine. Wataalamu wamekadiria kwamba katika joto la kawaida la chumba, damu ambayo haijatenganishwa hupoteza sukari yake kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa. Joto likizidi, upotevu huzidi. Chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, kama inavyokuwa kwa wagonjwa wa baadhi ya saratani za damu, upotevu huwa mkubwa zaidi.

Hebu mwalimu wa Hisabati anisaidie hapa. Tuchukue mtu ambaye sukari yake ya asubuhi, kabla hajala, ni milimoli 7.7 kwa lita. Kwa kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, mtu mwenye 7.0 au zaidi katika plazima ya damu, naye hajala, huhesabiwa kuwa na kisukari, ingawa daktari hutakiwa kurudia kipimo ikiwa mgonjwa hana dalili. Sasa tuipunguze ile 7.7 kwa asilimia 6 kila saa, kama tufanyavyo katika hesabu za thamani ya mali inayochakaa. Baada ya saa moja itakuwa 7.2, baada ya saa mbili, 6.8, baada ya saa tatu, 6.4, na baada ya saa nne, 6.0. Mtu aliyeingia hospitalini akiwa mgonjwa ametoka akiwa mzima, bila ya dawa wala maombi. Mashine haikukosea hata chembe. Iliulizwa kuna sukari kiasi gani katika kichupa hiki, ikajibu kwa uaminifu.

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya hospitali maskini peke yake. Mnamo 1997 wataalamu wawili wa Italia, Mario Plebani na Paolo Carraro, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa katika maabara ya dharura ya hospitali ya mji wa Padova. Katika vipimo 40,490 walipata makosa 189. Walipoyachambua waligundua kwamba asilimia 68.2 ya makosa hayo yalitendeka kabla ya sampuli kupimwa, na asilimia 18.5 baada ya kupimwa. Yale ya upimaji wenyewe yalikuwa asilimia 13.3 tu. Miaka 10 baadaye walirudia uchunguzi katika maabara ile ile, na makosa ya kabla ya upimaji yakawa bado ni asilimia 61.9. Ni kweli kwamba wengi wa wagonjwa waliohusika hawakudhurika. Hata hivyo, ikiwa nchi yenye vifaa tele inaona theluthi mbili ya makosa yake yakitokea nje ya mlango wa maabara, sisi tunaotunza vichupa dirishani tuna haki gani ya kulala usingizi?

Makosa hayo, fauka ya hayo, hayaelekei upande mmoja tu. Sukari inaweza kupunguzwa njiani, na vilevile inaweza kuongezwa. Mwaka mmoja baada ya mimi kuanza kutumia dawa, nilikuwa mwalimu wa zamu shuleni kwetu. Msichana mmoja alishikwa na kizunguzungu akapelekwa katika zahanati ya shule. Muuguzi wetu alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipande cha kupimia, na mashine ikaandika 18.3. Nilimkuta amepigwa na butwaa.

"Mwalimu, mtoto huyu ana sukari ya kumi na nane!" aliniambia. "Tutafute gari sasa hivi."

Niliitazama mikono ya yule binti. Ilikuwa ya rangi ya manjano, na chini ya kiti kulikuwa na kokwa la embe.

"Sista," nikamwambia, "kabla hatujatafuta gari, mpeleke kwanza akanawe mikono kwa sabuni na maji, aikaushe vizuri, kisha umpime kidole kingine."

Alinawa, akapimwa. Mashine ikaandika 5.1. Kizunguzungu chake kilitokana na homa iliyotibiwa kwa siku chache. Muuguzi aliniambia kwa unyonge kwamba alikuwa amempangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, kama alivyofundishwa. Nilimtoa wasiwasi, kwani hakuwa peke yake. Mnamo 2011 madaktari wa Japani walichapisha jaribio walilowafanyia watu wazima wasiokuwa na kisukari. Watu hao walimenya matunda, miongoni mwayo machungwa na zabibu, kisha wakapimwa kidoleni. Vipimo vilipanda isivyo kawaida, na hata kupangusa kwa spiriti mara tano hakukutosha kuondoa sukari ya matunda iliyoganda kwenye ngozi. Maji ya bomba yaliiondoa. Tone la damu linalohitajiwa na mashine hizo ni dogo sana, kwa hivyo chembe kidogo tu ya sukari kidoleni hutosha kuliharibu.

Tuseme yule binti angekuwa anajulikana kuwa ana kisukari, na muuguzi akaamua kumdunga insulini kwa kuitegemea ile 18.3. Insulini ingeishusha sukari yake ya kweli, ile 5.1, hadi kiwango ambacho ubongo hauwezi kustahimili. Mtu hupoteza fahamu, na asipowahiwa huweza kufa. Hapo tungesema amekufa kwa kisukari, ilhali angekuwa ameuawa na embe lililokuwa mkononi mwake na bomba la maji ambalo halikufunguliwa.

Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa maabara mwenye tajiriba ya miaka mingi, alinieleza kosa jingine ambalo hutokea wodini. Mgonjwa amelala, na katika mkono wake wa kulia inaingia dripu ya maji yenye sukari. Anayetumwa kutoa damu anaona mshipa mzuri katika mkono ule ule, basi anautumia. Maji ya dripu ya deksitrozi ya asilimia 5 yana gramu 50 za sukari katika kila lita, yaani zaidi ya milimoli 250. Damu ya mtu mzima wa afya, akiwa hajala, huwa na takriban milimoli 5. Yakiingia maji hayo katika sampuli kwa kiasi cha asilimia 1 tu, yataongeza milimoli 2.5. Yakiwa asilimia 10, kipimo kitapanda kwa milimoli zaidi ya 20, na hapo mtu asiye na ugonjwa ataonekana yu karibu na kaburi. Ikiwa dripu ni ya maji ya chumvi, mambo yatageuka: damu itazimuliwa na sukari itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Dawa ya kosa hili haiuzwi dukani. Ni kutumia mkono mwingine. Na ikiwa hapana budi kutumia mkono wenye dripu, dripu isimamishwe kwanza kwa muda, damu itolewe chini ya mahali inapoingilia, na jambo hilo liandikwe kwenye fomu ili maabara ijue.

Tena kuna kosa la majina, ambalo halihitaji elimu yoyote ya kemia. Katika wodi moja wanaweza kulala wanawake wawili wenye jina la kwanza na la ukoo yanayofanana. Anayetoa damu akivijaza vichupa vitatu au vinne kwanza, kisha akaenda mezani kuandika majina kwa kukumbuka, kitakachofuata ni bahati nasibu. Kichupa hupaswa kuandikwa pale pale kitandani, mgonjwa akiwapo, baada ya yeye mwenyewe kutaja jina lake na jambo la pili la kumtambulisha, kama vile tarehe ya kuzaliwa au nambari yake ya hospitali. Tena asiulizwe, "Wewe ndiwe fulani?" kwani mgonjwa mwenye homa au mzee asiyesikia vizuri huitikia kila aulizwacho. Aulizwe, "Jina lako ni nani?"

Sisi wagonjwa nasi tusijitoe katika lawama. Tunaambiwa tusile kwa saa 8 au zaidi, tunafika tukiwa tumekunywa chai "kidogo tu", na tunapoulizwa tunaona haya kusema. Wengine hunyima miili yao sukari kwa siku mbili kabla ya kipimo ili wapate tarakimu nzuri, kama mwanafunzi anayefagia chumba siku ya ukaguzi. Mama mjamzito anayepewa gramu 75 za glukosi ndani ya maji ili apimwe baada ya muda maalumu, akitapika nje ya chumba na asiseme, au akienda sokoni na kurudi badala ya kuketi, kipimo chake hakitakuwa na maana. Kuficha ukweli mbele ya maabara ni kujidanganya mwenyewe, na ada ya udanganyifu huo hulipwa kwa macho, figo na miguu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini basi tusiachane na vichupa tukatumia zile mashine ndogo za kidoleni, ambazo hutoa jibu papo hapo? Mashine hizo ni neema kwa mtu ambaye tayari anajulikana kuwa mgonjwa na anataka kujichunga. Mimi mwenyewe sitoki nyumbani bila yangu. Lakini kiwango cha kimataifa kilichowekwa mwaka 2013 kinaziruhusu kukosea kwa hadi asilimia 15 juu au chini. Maana yake ni kwamba 7.0 ya kweli inaweza kusomeka kuanzia 6.0 hadi 8.0, na bado mashine ikahesabiwa kuwa nzuri. Aidha, vipande vyake vya kupimia huharibiwa na joto na unyevu, hasa kopo lake likiachwa wazi au likisahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Upungufu wa damu nao, ambao si haba miongoni mwa watoto na akina mama wajawazito katika sehemu zenye malaria, huzifanya nyingi kati ya mashine hizo zionyeshe sukari kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo si busara kumtangaza mtu kuwa mgonjwa wa maisha kwa tone moja la kidoleni.

Kipo pia kipimo cha hemoglobini A1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi miwili au mitatu iliyopita. Hakimtaki mtu akae na njaa, na hakidhuriki kwa sababu chembe zimekula sukari katika kichupa. Shirika la Afya Duniani liliafiki mwaka 2011 kwamba asilimia 6.5 na zaidi itumike kutambua kisukari. Hata hivyo, kwa mwenye ugonjwa wa seli mundu, aliyepoteza damu nyingi au aliyeongezewa damu karibuni, kipimo hicho huweza kupotosha. Na bei yake bado ni mzigo kwa wengi. Kipimo cha sukari ya plazima kitaendelea kuwa nasi, na kwa sababu hiyo yatupasa kukitunza.

Je, kitatunzwa vipi? Jambo linalojulikana na wengi ni kutumia kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho ndani yake mna sodiamu floridi pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande. Floridi huzuia kimoja cha vimeng'enya ambavyo chembe huvitumia kuvunja sukari. Kichupa kijazwe hadi alama yake na kipinduliwe polepole mara kadhaa ili dawa ichanganyike na damu. Lakini hata hapa pana tahadhari ambayo wengi hawaijui. Kimeng'enya hicho kiko karibu na mwisho wa mnyororo, hivyo chembe huendelea kula kwa saa moja, mbili au zaidi kabla ya kazi kusimama kabisa. Floridi ni mlinzi mzuri anayechelewa kufika kazini. Kwa sababu hiyo mwongozo wa wataalamu wa kisukari na wa maabara wa Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulishauri kwamba sampuli itumbukizwe mara moja katika maji yenye barafu, na plazima itenganishwe na chembe katika muda wa dakika 30. Pasipowezekana hivyo, ulishauri vitumike vichupa vyenye sitreti, ambayo huidhoofisha kazi ya chembe tangu hatua za mwanzo.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba vichupa vya kijivu havipatikani kila mwezi, kwamba umeme hukatika, kwamba muuguzi mmoja huhudumia wodi nzima, na kwamba barafu ni ya wauza soda. Sitaki kumtwika muuguzi aliyechoka lawama zisizo zake. Yule aliyenitoa damu hakunitakia mabaya. Hakuna aliyemwambia kwamba dirisha lile lilikuwa likila sukari ya wagonjwa wake. Lakini nauliza: ni kitu gani kinachohitajika ili saa ya kutolewa damu iandikwe juu ya kichupa? Kalamu. Ni kitu gani kinachohitajika ili mgonjwa anayeweza kutembea aelekezwe kutolea damu mle mle maabara? Kibao chenye mshale. Ni kitu gani kinachohitajika ili tarishi apite kila nusu saa badala ya mara mbili kwa siku? Ratiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni wa mashine za kusafishia figo na upasuaji wa kukata miguu.

Napendekeza pia kwamba maabara zetu zipewe, na zitumie, haki ya kukataa. Kichupa kilichofika bila jina kamili, bila saa, au baada ya muda kupita, kirudishwe, na damu nyingine itolewe. Leo hii mtaalamu wa maabara anayekataa sampuli huonekana mkaidi anayewasumbua wenzake, hivyo huipima tu na kuiacha tarakimu iende zake. Kiwango cha ISO 15189, kinachotumiwa kutoa ithibati kwa maabara za tiba ulimwenguni, kina sehemu mahsusi juu ya mambo ya kabla ya upimaji. Hospitali inayojivunia cheti hicho ukutani iende ikatazame pia mabakuli yaliyo juu ya meza za wodi zake.

Nasi walimu tuna zamu yetu. Somo la upumuaji wa chembe lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Mwalimu wa Biolojia amuulize mwanafunzi damu huendelea kufanya nini kichupani. Mwalimu wa Kemia aulize kwa nini baridi hupunguza kasi ya badiliko. Mwalimu wa Hisabati atoe ile hesabu ya 7.7 hadi 6.0. Halikadhalika tuwafundishe watoto kwamba tarakimu haijitoshelezi. Tarakimu yoyote ina mahali ilikotoka, saa iliyochukuliwa na mikono iliyoibeba. Mwanafunzi akizoea kuuliza "ilipatikanaje?" kabla ya kuuliza "ni ngapi?", tutakuwa tumempa elimu itakayomfaa hospitalini, bungeni na hata sokoni. Tena miongoni mwa hao walioketi mbele yetu leo wamo wauguzi, matabibu na matarishi wa kesho. Heri wakutane na jambo hili darasani kuliko kukutana nalo kitandani kwa mama zao.

Kwa upande wangu, nimekubali kuishi na kisukari na miwani minene. Kila baada ya miezi mitatu huenda kupimwa. Ninapomaliza kutolewa damu siondoki upesi kama zamani. Humwamkua muuguzi kwa heshima, nikamwomba aandike saa juu ya kichupa mbele yangu, kisha nikamuuliza, "Sista, damu hii itafika maabara saa ngapi?" Wengine hukasirika kidogo. Wengi hucheka. Lakini siku moja binti mmoja mwanagenzi alinitazama, akakitazama kichupa alichokuwa amekishika, akakiinua na vingine vitatu vilivyokuwa mezani, akatoka navyo kwa miguu yake mwenyewe kuelekea maabara.